Safu ya Tatu

Daftari letu lina safu tatu kila ukurasa:
tarehe, muda, sababu.
Mbili za kwanza huandika Nyanzala, mdogo wangu,
mshika saa, juu ya tairi bovu kando ya uwanja,
mwandiko wake umesimama wima kama askari wa zamu.
Safu ya tatu ni yangu.
Humo kalamu hukimbia kuliko mimi.

Januari: matope ya Cheyo yaliganda viatuni.
Februari: upepo, kona ya pili.
Februari tena: Kocha Mihayo alichelewa na filimbi,
mwili ukapoa.
Machi: maharage ya jana.
Machi, siku Mwamini wa Urambo aliponipita
mita themanini kabla ya kamba
(nilisikia pumzi yake, kisha nikauona mgongo):
njia ina mashimo.
Kana kwamba yeye alipita hewani.

Ghalani, tunakofungasha asali,
nina safu nyingine isiyohitaji karatasi.
Ndoo ikivuja, ni mfuniko wa kiwandani.
Lebo ikipinda, ni gundi.
Nikimjibu Bi Kasanda kwa ukali, ni usingizi,
na usingizi uliibwa na jogoo wa jirani.
Jogoo yule kabebeshwa mengi mwaka huu.

Aprili mvua ikatufungia ndani, Isevya,
bati likipiga kelele hata redio ikanyamaza.
Nikafungua daftari nihesabu nilivyoonewa,
nimpelekee kocha ushahidi.
Tarehe kumi na tisa Februari nikagota.
Dakika mbili, sekunde kumi na moja.
Sijawahi kabla, sijawahi baada.
Safu ya tatu: tupu.

Nyanzala, siku ile hapakuwa na upepo?
“Ulikuwepo. Ulinibebea kofia hadi mtaroni.”
Viatu je?
“Hivyo hivyo.”
Na mashimo?
Akanitazama. “Nani angeyafukia?”

Kumbe upepo ule ule
niliupa lawama nilipochelewa,
sikuupa ahsante nilipowahi.
Siku ya kushinda miguu ilikuwa yangu peke yangu;
siku ya kushindwa tulikuwa umati.

Sikulala vizuri usiku ule.
Jogoo hakuhusika.

Sisemi mashimo si mashimo.
Mawili nimeyafukia kwa koleo la kuazima,
la tatu nimelizoea, nalikwepa gizani.
Kocha akichelewa, napasha mwili bila filimbi.
Lakini kulikuwa na kitu
kilichofika uwanjani kabla yangu,
kimenuna, kimeshatunga sababu
kabla sijafunga kamba za viatu.
Hicho sikupewa na mtu.
Nilikibeba mwenyewe kutoka nyumbani,
mkoba mmoja na chupa ya maji.

Jumatatu nikamwambia Bi Kasanda:
ile ndoo, mimi niliifunga vibaya.
Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoidai.
Hakusema neno.
Akanirushia kitambaa, akachukua kingine,
tukafuta sakafu, sisi na sisimizi.

Jumamosi nikakimbia.
Ungetaraji miujiza; mimi pia nilitaraji.
Dakika mbili, sekunde kumi na sita.
Nyanzala akaandika yake, akanipa kalamu,
akageuza uso pembeni kwa adabu,
kama mtu anayempisha mwenzake avae.

Mkono ulitaka kuandika upepo.
Uliiandika hata ile U.
Nikaiacha hapo, nikaijengea neno jingine:
*Uchungu. Niliuogopa kona ya pili,
nikapunguza mwendo kabla haujafika.*

Nikalifunga daftari.
Upepo ulikuwepo, kwa kweli,
ukitokea upande wa reli, na mchanga mdomoni.
Nyanzala kashika saa kwa mkono mmoja,
kofia kwa mwingine.
“Tena?” anauliza.